Somo la Historia: Sauti, Mlima na Picha

Leo tunasoma historia ya simu ya upepo, ambayo wengi huiita redio kolu. Mwisho wa somo utajua ni redio gani inamfaa mtu wa Ifakara.

Bonde letu mnalijua. Upande mmoja iko milima ya Udzungwa, yenye kilele kinachopita mita 2,500. Upande wa pili iko milima ya Mahenge. Katikati unapita mto Kilombero, nao wakati wa masika hutapakaa mbugani. Kabla ya daraja kuzinduliwa mwaka 2018, watu walivuka kwa kivuko. Mto ukichafuka, mgonjwa wa ng'ambo alingoja. Je, daktari angejuaje habari zake?

Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki. Lakini rubani hawezi kwenda asikoitwa. Kwa hiyo, katika miaka ya 1960, hospitali za mbali ziliwekewa redio za masafa mafupi. Mawimbi ya redio hizo hupanda, hugonga tabaka la juu la anga, kisha hurudi chini mbali sana. Mlima hauyazuii.

Redio ya VHF, ile inayofungwa garini, ina tabia nyingine. Mawimbi yake huenda karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Sauti yake ni safi, na antena ya nusu mita yatosha. Lakini Udzungwa ikisimama katikati, sauti hukatika. Basi, kabla ya kuuliza bei, jiulize: nataka kusema na nani, na kati yetu kuna nini? Kwa jirani wa bondeni, VHF yafaa. Kwa Dar es Salaam, chagua masafa mafupi.

Sasa sikilizeni ajabu. Mnamo miaka ya 1957 na 1958, mwanafunzi mmoja wa Marekani, Copthorne Macdonald, alibuni njia ya kupeleka picha kwa redio ya sauti. Picha hugeuzwa kuwa mlio: palipo peusi, mlio mzito, palipo peupe, mlio mwembamba. Mistari 120 ilichorwa mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa sekunde 8 hivi. Hiyo ndiyo televisheni ya polepole.

Siku hizi kituo cha anga cha kimataifa, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, hutuma picha za namna hiyo mara kwa mara. Kikipita juu ya Ifakara, redio ndogo ya VHF huweza kuusikia mlio wake, na programu ya simu ikauchora. Redio iliyoshindwa na mlima hupokea picha kutoka mbali zaidi, kwa kuwa huko juu hakuna mlima.

Ukitaka kutuma, omba kwanza leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini VHF hushindwa na mlima?
2. Kijijini kwenu, mgonjwa akizidiwa usiku, habari hufikaje hospitalini?