Haramia wa Kutungwa: Filamu za Hali Halisi na Sura ya Mwizi wa Bahari Mtaani Eastleigh

Utangulizi

Filamu ya hali halisi hupokewa na watazamaji kwa imani ambayo riwaya haipewi. Msomaji wa riwaya anajua kuwa mambo anayoyasoma yametungwa, ilhali mtazamaji wa filamu ya hali halisi huambiwa kuwa anayaona mambo yalivyo. Hata hivyo, filamu hiyo nayo ina msimulizi, wahusika, mavazi, mandhari na msuko. Kwa hiyo, mhakiki wa fasihi ana haki ya kuichambua kwa vigezo vilevile anavyovitumia katika kazi nyingine za sanaa.

Makala haya yanachunguza namna televisheni inavyomsawiri haramia wa baharini. Yanadai kwamba usawiri huo umechota zaidi katika riwaya kuliko katika historia, na kwamba athari zake haziishii kwenye kioo. Mfano mkuu unatoka Eastleigh, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, lakini ambao kwa muda ulisemwa kama kwamba ni bandari ya maharamia.

Vazi lililotoka kitabuni

Haramia wa televisheni hutambulikana kabla hajatamka neno. Ana kitambaa kichwani, mshipi mpana kiunoni, hereni sikioni, kasuku begani na pengine mguu wa mti. Sura hii ina asili inayojulikana. Mwaka 1724 kilichapishwa London kitabu cha habari za maharamia kilichotiwa jina la Captain Charles Johnson, mwandishi ambaye wataalamu hawajakubaliana alikuwa nani hasa. Kitabu hicho kilichanganya kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya kubuni. Mwaka 1883 Robert Louis Stevenson alitoa Treasure Island katika umbo la kitabu, akaleta ramani, kasuku na mpishi wa mguu mmoja. Kisha mchoraji wa Marekani Howard Pyle, aliyefariki mwaka 1911, akamvika haramia mavazi yaliyomkaa hadi leo. Filamu ya Disney ya mwaka 1950, ambamo Robert Newton aliigiza Long John Silver, ikampa lafudhi.

Waswahili hawakuwa nje ya mkondo huo. Riwaya ya Stevenson ilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson na mwenziwe, ikatolewa mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Huyu Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Basi haramia wa Kiingereza aliingia katika maandishi ya Kiswahili mapema, akiwa na ramani yake mkononi, wakati ambapo haramia wa Bahari ya Hindi hakuwa bado na riwaya yake.

Jambo la kuzingatia ni kuwa vipengele vingi vya sura hiyo havina mashiko ya kihistoria. Hazina iliyofukiwa ni nadra mno. Mfano mashuhuri ni wa William Kidd, aliyeficha sehemu ya mali yake karibu na New York mwaka 1699 kabla ya kunyongwa London mwaka 1701. Maharamia wengi waligawana mali na kuitumia upesi. Nguo zao zilikuwa za baharia yeyote wa wakati ule. Filamu za hali halisi aghalabu huyakiri hayo kwa maneno ya mtaalamu mmoja au wawili, lakini picha zinazoandamana na maneno hayo hubaki zilezile: bendera nyeusi, fuvu, mshumaa na sanduku. Sikio husahihishwa, jicho likaachwa na kosa lake, na mtazamaji huondoka na kile alichokiona.

Fedha iliyogeuka risasi

Mfano wa karibu na pwani yetu unaonyesha jinsi msuko wa hadithi unavyoweza kuutangulia ushahidi. Mnamo Mei 2015, mpiga mbizi Mmarekani Barry Clifford, aliyekwisha kupata sifa kwa kuligundua jahazi la Whydah mwaka 1984, alitangaza katika kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, kwamba amepata kipande cha fedha cha takriban kilo 50 kutoka katika jahazi la Kidd liitwalo Adventure Galley. Kazi hiyo ilikuwa ikipigwa picha kwa ajili ya televisheni. Wataalamu waliotumwa na UNESCO walitoa matokeo yao mwezi Julai mwaka uo huo: kile kipande kilikuwa na risasi, yaani madini ya lead kwa Kiingereza, kwa asilimia 95, wala hakikuwa na fedha. Kilichodhaniwa kuwa jahazi kilikuwa mabaki ya ujenzi wa bandari.

Kosa hili halikuwa la mtu mmoja tu. Filamu ya haramia isiyo na hazina huonekana kama ngano isiyo na mwisho. Msuko ulidai fedha, na fedha ikapatikana.

Whydah yenyewe yafaa itajwe zaidi ya hapo. Kabla ya kutekwa mwaka 1717 ilikuwa merikebu ya kubeba watumwa. Queen Anne's Revenge ya Blackbeard, iliyopatikana mwaka 1996, nayo ilikuwa merikebu ya watumwa ya Kifaransa iliyoitwa La Concorde. Hapa kuna historia nzito inayomhusu Mwafrika moja kwa moja, lakini katika usimulizi wa televisheni mara nyingi huwa dibaji fupi kabla ya kufika kwenye dhahabu.

Fanani wa Eastleigh

Tangu mwaka 2008 haramia mpya alijitokeza katika televisheni. Mwezi Septemba mwaka huo meli ya Faina, iliyobeba vifaru 33 ikielekea Mombasa, ilitekwa na Wasomali. Novemba ikatekwa Sirius Star yenye shehena ya mafuta. Aprili 2009 ikafuata Maersk Alabama, ambayo pia ilikuwa ikielekea Mombasa. Waandaaji wa filamu walifurika Nairobi. Kufika Eyl au Harardhere kulikuwa kwa hatari na gharama kubwa, ilhali Eastleigh ilikuwa safari fupi kutoka hotelini.

Haramia huyu naye alipewa vazi rasmi: kikoi, kilemba kilichofunika uso, na bunduki au kombora begani. Kilemba kilifanya kazi mbili. Kilimfanya msemaji aonekane wa kutisha, na kilimzuia mtazamaji asimjue ni nani. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, mwanahabari Jamal Osman wa Channel 4 News ya Uingereza alifichua kuwa baadhi ya maharamia waliohojiwa na wanahabari wa kigeni huko Eastleigh hawakuwahi kuwa maharamia. Walikuwa wakazi wa kawaida waliopangwa na mtu wa kati, wakalipwa kwa kuigiza.

Ni rahisi kulichukulia tukio hili kama utapeli na kulimaliza hapo. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, hata hivyo, lina maana zaidi. Fanani hodari huijua hadhira yake. Vijana wale walifahamu kilichotarajiwa: mvuvi fukara aliyenyang'anywa samaki na meli za kigeni, kisha akapata mamilioni na kuyatapanya. Walikitoa kisa hicho kikiwa kimekamilika, chenye majuto mahali panapostahili majuto na kitisho mahali pa kitisho. Katika ngano zetu Sungura hushinda kwa kumpa mkubwa kile anachotamani kukiamini. Hapa fanani alikuwa Sungura, na mwenye kamera alikuwa Fisi. Tofauti ni kwamba ngano inapokwisha, watu hurudi nyumbani salama.

Nani alilipa

Eastleigh ilianzishwa mwaka 1921. Wasomali walikuwa na makazi hapo tangu enzi za ukoloni, pamoja na Wahindi na wengineo. Baada ya dola ya Somalia kuporomoka mwaka 1991, wakimbizi waligeuza vyumba vya nyumba ya wageni ya Garissa Lodge kuwa maduka, na kutokana na mfano huo pakazuka majumba ya biashara moja baada ya jingine. Mtaji ulitokana na biashara ya nguo na vifaa vya umeme kupitia Dubai, fedha za jamaa walio ng'ambo, na desturi ya kuchangiana. Mwanaanthropolojia Neil Carrier ameyaeleza haya katika kitabu chake Little Mogadishu.

Lakini mnamo 2009 na 2010 bei za nyumba Nairobi zilipopanda, maelezo yaliyopendwa yalikuwa pesa za maharamia. Hesabu haikubaliani nayo. Ripoti ya Benki ya Dunia, Interpol na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, iliyotolewa mwaka 2013, ilikadiria fidia zote za tangu 2005 hadi 2012 kuwa dola milioni 339 hadi 413. Kiasi hicho kiligawanywa kwa wafadhili na wapiganaji wengi kwa miaka saba na zaidi. Ripoti yataja hata bakshishi kwa aliyeleta ngazi yake mwenyewe. Majengo ya Eastleigh yalikuwa yakipanda muongo mzima na zaidi kabla ya Faina kutekwa.

Hadithi ya hazina, hata hivyo, haihitaji hesabu. Ilihitaji kisiwa, na Eastleigh ikafanywa kisiwa. Mkazi wa hapo aliyekuwa ameitwa shifta katika miaka ya 1960 sasa aliitwa haramia, na punde angeitwa gaidi. Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Msako huo ulifuata mashambulizi ya kigaidi, si utekaji wa meli, na haitakuwa haki kuutwika filamu. Lakini mtaa uliokwisha kuzoeleka machoni mwa watazamaji kuwa maficho ya wahalifu hupata watetezi wachache siku ya msako.

Hitimisho

Neno haramia katika Kiswahili halimtaji baharia mwenye mguu wa mti. Linatokana na haramu, na kwa hiyo ni hukumu juu ya tendo, si juu ya vazi. Kwa kipimo hicho, kikosi cha Francisco de Almeida kilichoipora na kuichoma Mombasa mwezi Agosti 1505 kilikuwa cha maharamia. Televisheni huwaita wavumbuzi. Waliovamia Mafia na Komoro kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa maharamia pia, na mpaka sasa ni nadra kuwaona katika filamu, yamkini kwa kuwa hawakuvaa hereni. Leo neno hilohilo hutumika kwa anayenakili filamu bila idhini.

Uhakiki wa fasihi unapaswa kuirejesha hukumu hiyo mahali pake. Mtazamaji wa Eastlands anayefundishwa kuuliza nani anasimulia, nani amevishwa, na kwa malipo gani, atakuwa na silaha ambayo mtunzi wa filamu hakukusudia awe nayo. Somo la fani, ambalo wengi hulidhania kuwa pambo la mitihani, ndilo litakalompa.