Kutoka Chuma Hadi Kontroli Boksi: Historia ya Kubadili Injini Maganzo na Kanda ya Ziwa

Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu ulio kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, umekua kwa kuutegemea mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliugundua mwaka 1940 na kuumiliki hadi alipofariki mwaka 1958. Sehemu kubwa ya ardhi ya eneo hilo ni udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka na wakati wa mvua huyameza magurudumu hadi kwenye ekseli, kwa hiyo gari la kuvutia magari mengine, liwe Land Cruiser ya zamani au HiAce iliyofungwa ndoano na mnyororo, ni chombo cha lazima na halitupwi kwa sababu tu injini yake imechakaa. Hufungwa injini nyingine. Historia ya kazi hiyo ni historia ya elimu ya fundi kuhama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye umeme, na haistahili kuitwa ubabaishaji, kama inavyoitwa mara nyingi na watu wasioifahamu.

Chimbuko lake ni uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na gari lililosimama likawa ghala la vipuri vya lile lililokuwa bado linatembea. Injini ya dizeli ya wakati huo ilitaka dizeli safi, hewa na mgandamizo wa kutosha, huku umeme ukihitajika kuzungusha stata, kupasha hita za kuwashia na kufungua valvu inayoruhusu dizeli kupita. Ugumu wote ulikuwa wa chuma: kuchomelea vishikizo vipya, kuunganisha injini na gia boksi isiyo yake, na kukata au kurefusha propela shafti. Fundi aliyeweza kupima kwa macho na kuchomelea kwa mkono mtulivu aliimaliza kazi hiyo bila kuhitaji mchoro wowote.

Hali ilibadilika pale bajeti ya mwaka 1984/85 ilipomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata, na mageuzi ya kiuchumi ya mwaka 1986 yakaupanua mlango huo. Magari yaliyotumika ya Japani yakaingia kwa wingi, yakifuatwa na injini za mtumba, na maduka ya Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam yakawa chemchemi ya vipuri vya mikoani. Injini za Toyota za 2L na 3L, zenye pampu ya dizeli inayoendeshwa kimakanika, zilipendwa kwa kuwa zilivumilia mafuta yasiyo safi na zilifunguliwa kwa spana za kawaida.

Kufikia wakati huo, mbali na Shinyanga, injini ilikuwa imeanza kuongozwa na kompyuta. Sheria za California za kupunguza moshi zilizisukuma kampuni kupima mafuta kwa umeme, na mwaka 1967 Volkswagen ilitoa modeli ya 1600 yenye mfumo wa namna hiyo uliobuniwa na Bosch. Kwa gereji za Kanda ya Ziwa, badiliko lililogusa kazi moja kwa moja lilikuja na injini ya 1KZ-TE ya mwaka 1993, dizeli yenye tabo na ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, ambayo pampu yake hupokea amri kutoka kwenye kisanduku cha kompyuta ambacho mafundi hukiita kontroli boksi. Kwa kuwa Toyota yenyewe iliifunga katika HiAce za kizazi kilekile kilichobeba 3L, kuihamisha kulionekana rahisi: bodi ni ileile na nguvu ya kuvuta ni kubwa zaidi. Ndipo gari lilipokataa kuwaka ingawa kila bolti imekaza.

Sababu za kukataa huko zinafahamika, na zinapaswa kufuatwa kwa mpangilio. Kwanza hupimwa betri wakati stata inazunguka, kwa sababu umeme ukishuka chini ya takriban volti 9.6 kompyuta inaweza kukosa nguvu ya kufanya kazi. Kisha hupimwa waya wa athi, yaani unaorudisha umeme wa kompyuta kwenye bodi na betri, ambao mara nyingi husahaulika au hufungwa juu ya rangi na kutu. Kasoro hii ndogo imesababisha kontroli boksi nyingi nzima kutupwa. Baada ya hapo huangaliwa sensa ya kranki, kifaa kinachoieleza kompyuta kasi na mkao wa injini, kwani isiposikika hapo dizeli huenda isiamriwe kuingia ipasavyo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 husaidia kwa njia ya ajabu: fundi akiunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa na kutaja kosa kwa namba, mpepeso mmoja ukifuatwa na miwili ikiwa ni namba 12.

Kosa linaloumiza zaidi hufanyika mapema, siku ya ununuzi. Pampu ya 1KZ-TE huja na rezista mbili ndogo, vizuizi vya umeme vinavyoieleza kompyuta tabia ya pampu ile mahususi, na muuzaji akizikata pamoja na waya, kipimo cha dizeli huharibika hata kama pampu ni nzima. Rejeta ya 3L nayo huachwa mahali pake, injini huchemka inapovuta mzigo, na silinda hedi hupasuka.

Injini za komon reli, ambazo hupuliza dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, zimeongeza ugumu, hasa pale kompyuta inapoutambua ufunguo wake tu. Mmiliki wa gari la kuvutia anayekusudia kubadili injini anaombwa adai injini, kontroli boksi, waya mzima usiokatwa na ufunguo, vyote kutoka gari moja, kisha aipeleke namba mpya ya injini Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kadi ya gari irekebishwe.