Wanawake na tovuti binafsi: Uhuru wenye gharama zake

TOVUTI binafsi ni kurasa za intaneti ambazo mmiliki huziandika na kuzisimamia mwenyewe, bila kupitia kwa mhariri. Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki, hilo lilikuwa jukwaa jipya la kusema kwa jina lao wenyewe.

Katika miaka ya 1990, kutengeneza tovuti kulihitaji ujuzi wa lugha ya HTML. Huduma ya Blogger, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, iliondoa kikwazo hicho. Mwandishi wa habari Mtanzania, Chemi Che-Mponda, aliendesha blogu ya Swahili Time akiwa Marekani. Nchini Kenya, mwanasheria Ory Okolloh aliandika Kenyan Pundit. Wazo alilolitoa humo wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 lilizaa Ushahidi mwaka 2008, aliyoianzisha pamoja na Juliana Rotich na wenzao.

Kwa mkazi wa Soweto, jijini Mbeya, kikwazo cha kwanza kilikuwa bei. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, na wengi waliilipia kwa dakika katika intaneti kafe.

Kikwazo cha pili kilikuwa leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kulipa ada zilizofikia takriban Sh2.1 milioni. Baadhi yao walifunga kurasa zao. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2021.

Kikwazo cha tatu ni matusi na vitisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza uonevu wa mtandaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022.

Lipo pia suala la umiliki. GeoCities, iliyohifadhi kurasa binafsi bila malipo, ilifungwa Marekani mwaka 2009, na waliokosa nakala walipoteza maandishi yao.

Kwa hiyo, anayejenga tovuti ni vyema asajili jina la kikoa, kama vile la .tz, kwa jina lake mwenyewe badala ya la fundi, akumbuke kulilipia kabla muda wake haujaisha, ahifadhi nakala ya kila andiko, na asianike namba ya simu wala mahali anapoishi. Tovuti iliyosajiliwa kwa jina la mwingine inaweza kuondoka naye.