Chama cha Ushirika Kilichovuna Picha: Habari za Kinngait

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi wasomaji watakuta habari nyingi za mizani na maghala, za malipo ya kwanza na malipo ya pili, za mikutano mikuu na hesabu zilizokaguliwa. Ndivyo ipasavyo, kwa maana wazee wamekwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kurasa hizi chache twapenda kuzitoa kwa habari za chama kingine cha ushirika, kilicho mbali sana nasi, ambacho mavuno yake makuu si pamba wala kahawa, bali ni picha. Huenda msomaji akauliza, picha zatuhusu nini sisi wakulima? Twamwomba asome mpaka mwisho, maana maswali yaliyowasumbua watu wale ndiyo yatusumbuayo sisi: nani apange thamani ya kazi ya mwanachama, nani angoje soko, na faida irudi nyumbani kwa njia gani.

Kinngait ni kijiji kilicho katika kisiwa kidogo, kando ya kisiwa kikubwa cha Baffin, kaskazini ya nchi ya Kanada, katika jimbo ambalo tangu mwaka wa 1999 laitwa Nunavut. Jina lenyewe maana yake ni milima. Wageni walipaita Cape Dorset, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika ramani mpaka mwaka wa 2020, wenyeji waliporudisha rasmi jina la mababu. Wenyeji hao ni Wainuit, ambao zamani wageni waliwaita Waeskimo. Hakuna shamba huko, wala mti mrefu. Bahari huganda kwa miezi mingi, na shehena kubwa huletwa kwa meli wakati wa kiangazi tu. Watu wake ni kama 1,400.

Zamani watu hao waliishi kwa kuwinda sili, samaki na kulungu wa kaskazini, wakihamahama na jamaa zao kutoka kambi hata kambi. Mwaka wa 1913 Kampuni ya Hudson's Bay ilifungua duka mahali pale, ikanunua ngozi za mbweha weupe na kuuza bunduki, chai na unga. Polepole watu wakazoea vitu vya dukani, na njia yao ya kuvipata ikawa moja tu: ngozi ya mbweha. Bei ya ngozi ilipoanguka baadaye, walianguka nayo. Wala bei hiyo haikupangwa na mwindaji. Ilipangwa katika miji ambayo hajapata kuiona. Mkulima yeyote aliyetegemea zao moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa 1948 alifika kaskazini mchoraji mmoja wa Kanada, jina lake James Houston. Alianzia Inukjuak, katika pwani ya mashariki ya Ghuba ya Hudson, na huko akaona vinyago vidogo vya mawe na vya pembe ambavyo wenyeji walichonga kwa ustadi mkubwa. Alivichukua vichache, akavipeleka Montreal kwa Chama cha Kazi za Mikono cha Kanada. Chama hicho kilimrudisha kaskazini akanunue vingine, na mwezi wa Novemba, 1949, vikawekwa katika maonyesho. Watu wa mjini walivinunua vyote kwa muda wa siku chache. Hayo ndiyo maonyesho yaliyofungua mlango. Mwaka wa 1951 Houston alifika Kinngait, na baadaye akakaa huko na jamaa yake akiwa mtumishi wa serikali.

Habari ya picha za chapa ilianza kwa jambo dogo, kama alivyolisimulia Houston mwenyewe. Mchongaji hodari, Osuitok Ipeelee, alikuwa akitazama pakiti mbili za sigara zenye picha ya kichwa cha baharia. Aliona kwamba vichwa vile vyafanana kabisa, akasema kuwa ni kazi ya kuchosha kweli kwa mtu kuketi na kuchora kichwa kile kile katika kila pakiti. Houston alikosa maneno ya kueleza habari ya kupiga chapa. Basi alitwaa pembe iliyochongwa michoro na Osuitok, akaipaka wino, akaikandamiza kwa karatasi nyororo, kisha akaibandua. Mchoro ukatokea katika karatasi. Osuitok akasema kuwa jambo hilo wanaliweza. Na waliliweza.

Lakini kuweza si kujua yote. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1958 kuingia 1959 Houston alisafiri mpaka Japani, akajifunza kwa fundi mkuu wa chapa za mbao, Hiratsuka Un'ichi, akarudi na maarifa ya karatasi, wino na utaratibu wa karakana. Twaliona hilo kuwa jambo la kukumbukwa: kijiji cha mwisho wa dunia kilijifunza kwa Wajapani, bali hakikuchora picha za Kijapani. Kilichora bundi wake, sili wake, na hadithi zake chenyewe.

Mwaka wa 1959 wenyeji waliunda chama chao, kikaitwa West Baffin Eskimo Co-operative. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Kananginak Pootoogook, ambaye alikuwa pia mmoja wa mafundi wa kwanza wa kupiga chapa, na rais wa chama katika miaka yake ya awali. Mwaka wa 1960 alifika kijana mmoja kutoka kusini, Terry Ryan, akawa meneja, na alikitumikia chama kwa makumi ya miaka. Lakini wenye chama walikuwa wanachama.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mchoraji, mwanamume kwa mwanamke, hupewa karatasi na penseli, akaenda kuchora nyumbani kwake. Siku za kwanza wengi walikuwa wangali wakiishi makambini. Akileta michoro, chama huinunua papo hapo na kumlipa fedha taslimu. Baadaye huchaguliwa michoro michache ya kupigwa chapa. Fundi huhamisha mchoro katika jiwe lililosawazishwa, akachonga pasipotakiwa wino, akapaka wino pale palipoinuka, akalaza karatasi ya Kijapani na kuisugua kwa mkono. Desturi ni kutoa nakala 50, kisha jiwe hufutwa, ili mnunuzi awe na hakika kwamba hazitatolewa nyingine. Kila nakala hutiwa jina la mchoraji, jina la fundi na alama ya chama.

Msomaji apime jambo hili. Michoro mingi haikupigwa chapa kamwe. Ililala katika ghala la chama. Lakini aliyeichora alikwisha kulipwa. Hasara ya kungoja soko ilichukuliwa na chama kizima, wala haikuachwa juu ya mabega ya mama mmoja mwenye watoto. Sisi tulio katika vyama vya mazao twaijua thamani ya utaratibu huo, na twaujua pia uzito wake. Kwa maana chama kinacholipa kabla ya kuuza lazima kiwe na akiba, na akiba haipatikani ila kwa wanachama kukubali kuchelewa kula. Chama cha Kinngait kiliendesha pia duka na huduma nyingine za kijiji, hata mkono mmoja ulipolegea mwingine ukashika.

Mkusanyo wa kwanza ulioandikwa katika orodha ulikuwa wa mwaka wa 1959, nao ulionyeshwa Montreal mwanzoni mwa 1960. Tangu hapo ikawa desturi mkusanyo mpya kutolewa kila mwaka, na wenye majumba ya picha wa miji mingi huungoja kama watu waungojavyo msimu. Mwaka wa 1978 chama kilifungua ofisi yake ya mauzo mjini Toronto, iitwayo Dorset Fine Arts, ili kazi za wanachama ziuzwe na mkono wa wanachama.

Hata hivyo njia haikuwa nyeupe. Mwaka wa 1961 iliundwa kamati, ambayo baadaye ikawa Baraza, ya kuchagua ni chapa zipi zistahili kuuzwa na zipi zikataliwe. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa wataalamu wa miji ya kusini. Hatusemi kuwa walikuwa na nia mbaya. Walitaka kulinda sifa ya kazi, na sifa ikipotea bei hupotea. Lakini jaribu kufikiri, ndugu msomaji: mtu achore bundi aliyemwona kwa macho yake, mwenziwe aichonge picha hiyo katika jiwe kwa majuma, kisha kikao kilicho mbali kiseme haifai. Manung'uniko yalikuwako, nayo yalidumu. Baraza hilo lilikoma mwaka wa 1989.

Twamtaja bundi kwa makusudi. Kwetu sisi bundi ni ndege wa nuksi, akilia juu ya paa watu hawalali. Lakini bundi ndiye aliyeipa Kinngait jina duniani. Mwaka wa 1960 mama mmoja, Kenojuak Ashevak, aliyezaliwa kambini mwaka wa 1927, alichora bundi mwenye manyoya yaliyotawanyika kama miali ya jua. Picha hiyo, Bundi wa Ajabu, ilitiwa katika stempu ya Kanada mwaka wa 1970. Mwaka wa 2018, miaka mitano baada ya kifo chake, nakala moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000 za Kanada. Fedha za mnada kama huo humwendea aliyekuwa na picha, si jamaa ya mchoraji wala chama chake. Hapo pana somo kali: chama kilimlinda mwanachama siku ya kuuza mara ya kwanza, lakini njia ya bidhaa ni ndefu, na mkono wa ushirika haujafika mwisho wake.

Yuko na Pitseolak Ashoona, mjane aliyefiwa na mumewe katika miaka ya dhiki, akalea watoto wake kwa kushona nguo, kisha kwa kuchora. Mpaka alipofariki mwaka wa 1983 alikuwa amechora michoro zaidi ya 7,000, mingi ikionyesha maisha ya kambini ambayo watoto wa siku hizi hawakuyaona. Mjukuu wake, Annie Pootoogook, hakuchora kambi. Alichora mambo ya siku zake: televisheni, rafu za dukani, na hata ulevi na ugomvi wa nyumbani. Wanunuzi waliozoea ndege na hadithi walishangaa. Lakini chama kiliinunua michoro yake, na mwaka wa 2006 alipata tuzo la Sobey, ambalo ni heshima kubwa kwa wasanii wa Kanada. Alifariki mwaka wa 2016.

Sasa twafika kwenye jambo lililotugusa kuliko yote. Kwa karibu miaka sitini kazi za Kinngait zilionyeshwa Montreal, Toronto na miji mingi ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 2017 picha za Kananginak, aliyekwisha kufariki mwaka wa 2010, zilitundikwa katika maonyesho makuu ya Venice, nchini Italia. Hata ghala la michoro, makumi ya maelfu ya karatasi, lilipelekwa katika jumba la McMichael, karibu na Toronto, lihifadhiwe salama, ingawa mali ilibaki kuwa ya chama. Lakini Kinngait kwenyewe hakukuwa na jumba la maonyesho lililostahili kazi hiyo. Mtoto aliweza kukua asiione picha ya bibi yake imetundikwa ukutani kwa heshima.

Mwezi wa Septemba, 2018, kasoro hiyo ilitengenezwa. Ilifunguliwa nyumba mpya, ikapewa jina la Kenojuak. Ndani yake mna karakana za chapa, vyumba vya wachoraji, ukumbi wa watu wote, na chumba cha maonyesho. Sasa mchoraji atoka kwake kwa miguu kwenda kuitazama kazi yake pamoja na jirani zake, na mtoto asimama mbele ya picha akiuliza, Huyu ni nani? na mzee yuko karibu amjibu.

Hata kwetu watu wa kazi za mikono wameijua nguvu ya kuungana. Wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa, mwaka wa 1963. Lakini sisi tulio wauza mazao tumezoea kudhani kuwa chama ni mizani tu. Tunapeleka kilicho bora mbali, na kinachobaki nyumbani ni risiti. Katika miaka kumi hii tumejifunza kupima, kuandika na kulipa kwa haki, na haya si machache. Katika kumi ijayo, twaonaje tukitenga ukuta mmoja wa ofisi, au pembe moja ya ghala, watoto wa wanachama wapate kuona kazi za mikono ya wazazi wao: mikeka, vyungu, vinyago, na picha za waliotutangulia katika chama hiki? Gharama yake si kubwa. Watu wa Kinngait walingoja karibu miaka sitini. Sisi hatuna sababu ya kungoja kiasi hicho. Jambo hili twaliweka mbele ya mkutano mkuu.