Kubadilishana mbegu na jirani: mambo ya kuzingatia

Je, unataka kubadilishana mbegu na jirani yako, awe mkimbizi au mwenyeji? Zingatia haya:

- Omba kwanza. Usichume mbegu kwenye bustani ya mtu bila ruhusa.
- Toa mbegu kavu, zisizotobolewa na wadudu. Taja aina yake na msimu ulipozivuna.
- Kama ni mahindi chotara, sema. Yakipandwa tena, mavuno hupungua.
- Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa. Mwonye mwenzako kwamba haziliwi.
- Miti ya muhogo hubeba ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi ikioza. Pasua mizizi kwanza. Ukiona madoa ya kahawia ndani, usimpe mtu miti hiyo.
- Mliahidiana kurudishiana baada ya mavuno? Timiza. Mvua ikikosa, mjulishe mapema.