Kutoka Lori la Vugiri hadi Simu ya Kiganjani: Watazamaji wa Upareni

Mwezi uliopita, nikisubiri basi katika stendi ya Same, nilikaa kando ya kijana aliyeteremka kutoka Mamba Miamba na magunia mawili ya tangawizi. Kwa takriban nusu saa hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Kidole gumba kilipandisha video moja baada ya nyingine: kichekesho, mahubiri, bao la juzi, kisha mtumishi wa umma aliyevaa fulana yenye nembo, akieleza umuhimu wa michango ya maendeleo kwa sekunde 40 huku muziki ukipigwa. Hapo kidole kilitulia. Kijana akabonyeza alama ya moyo, akafungua sehemu ya maoni na kuandika neno moja: "Risiti?"

Sina shaka kwamba katika taarifa ya ofisi ile, moyo ule utahesabiwa kuwa mwananchi mmoja ameelimika. Neno lile je, litahesabiwa wapi?

Ndugu wasomaji, filamu fupi ya kumfunza mwananchi si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, jirani kabisa na Upare ya Kusini, Meja L. A. Notcutt alianza kuongoza kazi ya uwanjani ya jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi lilipokoma mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa, nyingi zikiigizwa na wenyeji. Zilikuwa picha bubu za milimita 16. Maneno yalitoka katika santuri, ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na mahali. Lori lilizichukua na kuzionyesha usiku, viwanjani, kutoka Tanganyika hadi Nyasaland.

Katika mojawapo, mfanyakazi mmoja anafukia mshahara wake ardhini ndani ya nyumba na mwizi anauchukua. Mwenzake aliyeweka akiba posta anastarehe. Nyingine iliitwa Tax, ikihusu kodi. Waandaaji waliwachunguza watazamaji kwa makini: wanacheka wapi, wananyamaza wapi, wanaelewa nini. Mwaka huohuo wa 1937 wakachapisha kitabu. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wakipima mwitikio. Lakini santuri haiulizwi swali, na lori liliondoka.

Miaka michache baadaye Wapare walitoa mwitikio wa namna nyingine. Watawala wa jadi, kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, walileta kodi ya kupanda kulingana na kipato, wakaipa jina la mbiru, neno la kale la ushuru aliotolewa mtawala. Jina lilikuwa la nyumbani. Makadirio yalikuwa ya kudhalilisha, kwani mtu alihesabiwa mali zake na jirani aliyepewa mamlaka. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa namna ile. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi nao walimkabili mkuu wa wilaya ana kwa ana. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imefutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa milima ile, alituandikia habari hiyo mwaka 1971, na ninawasihi wanafunzi wangu waisome kabla ya kuandika neno "uhamasishaji" katika tasnifu zao.

Sisemi kwamba filamu za Vugiri zilizaa mbiru. Hakuna ushahidi wa hilo. Ninachokiona ni tabia ya ofisi kudhani kwamba aliyetazama amekubali. Tofauti ya leo ni kwamba kijana wa tangawizi hahitaji kutembea siku nzima ili aulize. Anauliza palepale, chini ya video, mbele ya kila anayepita, katika nchi ambayo tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 imekuwa makini sana kujua nani anasema nini mtandaoni.

Jana usiku niliitafuta video ile. Mioyo ilikuwa imeongezeka. Sehemu ya maoni ilikuwa imefungwa.