Hadaa ya Siri

Matapeli wa mtandaoni tumezoea kuwaweka kapu moja, ilhali kazi zao hazifanani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaojulikana kila kona ya Tanzania, unataka pesa. Upo ulaghai mwingine usioomba hata senti. Unaomba siri: nywila, namba ya kadi, au tarakimu za uhakiki zinazoingia kwenye simu. Wataalamu wa kompyuta huuita fishingi, neno lililozuka Marekani miaka ya 1990 na kuchukua jina lake kwenye uvuvi.

Wapo wanaolitafsiri "wizi wa data binafsi". Tafsiri hiyo hainiridhishi. Mwizi huvizia mwenye mali asiwepo au alale. Hapa mwenye siri yuko macho, na ndiye anayeiandika kwa mkono wake. Kinachomponza ni kuhadaiwa. Kwa hiyo nasema "hadaa ya siri".

Wala si balaa la wasiosoma. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, alipata baruapepe iliyojifanya ya Google, ikimwonya kwamba kuna mtu anayo nywila yake, aibadilishe upesi. Mtaalamu wa kompyuta wa kampeni aliyeulizwa alijibu kwamba barua ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika si halali. Mtego ukanasa, na Oktoba mwaka huohuo tovuti ya WikiLeaks ikaanza kumwaga hadharani maelfu ya barua za Podesta.

Tazama basi anwani ya ukurasa unaoletewa. Jina la tovuti, lile lililo kabla ya mkwaju wa kwanza ukiacha miwili ya https://, husomwa kuanzia mwisho. Katika benkiyako.co.tz.uhakiki.com, mwenye tovuti ni uhakiki.com, jina la benki pale mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Alama ya kufuli nayo huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, hata kama anayeyapokea ni tapeli. Tarakimu za uhakiki pia hazitoshi kukukinga: ukiziandika kwenye ukurasa bandia, tapeli huziingiza papo hapo kwenye tovuti halisi kabla muda wake haujaisha.

Ukiletewa kiungo cha ukurasa unaoomba siri zako, usikibonyeze. Fungua mwenyewe programu ya benki yako, au piga namba iliyo nyuma ya kadi. Uliye Tanzania, ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu yako usiufute kimyakimya. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.